Dakika Moja Juu ya Ubao: Historia ya Sanamu Ndogo na Zimwi Letu

Mara nyingi hapa tunaandika historia ya vita, mipaka na mikataba. Leo tunaleta historia ya vitu vidogo: sanamu za urefu wa kidole, zimepangwa juu ya ubao, zimepakwa rangi, na zinasimulia kisa bila kusema neno. Kazi kama hiyo inaitwa diorama. Sisi tuliingia ndani yake kwa sababu ya ugomvi, kwa hiyo tuanze na huo ugomvi.

Kulikuwa na shindano la kazi za mikono kwa ajili ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Kila kikundi kilete kitu cha kuwekwa mezani, kisizidi sentimita 60 kila upande. Tukakaa chini ya mti kupanga. Wengi wetu tulisema tujenge safari yetu: lori, mizigo kichwani, foleni, mahema. Ndiyo kitu wageni wanategemea kukiona, na tuseme ukweli, tulitaka kushinda. Dada mmoja wa kikundi alikuwa kimya muda wote. Mwisho akasema, "Hiyo wameshaiona. Mimi nataka zimwi."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anasema ile hadithi ya msichana aliyetekwa na zimwi akafungiwa ndani ya ngoma, zimwi likawa linazunguka na ngoma yake kijiji kwa kijiji, likipiga, na msichana anaimba ndani. Karibu kila mmoja wetu alisimuliwa na bibi yake. Wengine wakasema hayo ni mambo ya watoto, watu wenye shida hawachezi na mazimwi. Tukashindwa kuelewana. Tukakubaliana jambo moja tu: kabla ya kuamua, tusome kwanza. Watu waliojenga vitu hivi zamani walichagua nini, na kwa nini?

Tulianzia Misri. Karibu miaka 4,000 iliyopita kulikuwa na mkubwa mmoja wa serikali ya farao, jina lake Meketre. Mwaka 1920 wachimbaji wa Kimarekani wakiongozwa na Herbert Winlock walifungua chumba kidogo kilichofichwa ndani ya kaburi lake. Walikuta maisha mazima yamechongwa kwa mbao na kupakwa rangi: ng'ombe wanahesabiwa mbele ya mwenyewe, watu wanaoka mikate, wanawake wanafuma, ghala la nafaka lina makarani wanaandika, mashua ziko mtoni. Leo sanamu hizo zimegawanywa kati ya Cairo na New York. Angalieni alichochagua mtu yule aende nacho kaburini: chakula, kazi, mifugo. Ni mambo aliyotaka yaendelee.

Neno diorama lenyewe ni la juzi tu. Mwaka 1822 Louis Daguerre na mwenzake Charles Bouton walifungua jumba la maonyesho Paris wakaliita hivyo. Halikuwa na kitu kidogo hata kimoja. Picha zilikuwa kubwa sana kwenye kitambaa, watazamaji wamekaa gizani, na mwanga ulibadilishwa polepole mpaka mchana ukageuka usiku mbele ya macho yao. Jumba hilo liliungua mwaka 1839. Jina likabaki, na baadaye likahamia kwenye mandhari ndogo za mezani. Lakini tulichukua funzo moja kwa Daguerre: mwanga unaweza kusimulia.

Sanamu ndogo za askari nazo zina njia yake. Katika miaka ya 1770, mjini Nuremberg, Ujerumani, Johann Gottfried Hilpert alikuwa akitengeneza askari bapa wa bati kwa ajili ya watoto. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain huko London ikaja na ujanja: unamimina risasi iliyoyeyuka ndani ya kalibu, halafu unaimwaga haraka kabla haijaganda yote. Linabaki ganda, ndani tupu. Askari akawa mwepesi na wa bei nafuu, watoto wengi zaidi wakaweza kumiliki jeshi.

Kati ya hao wawili yupo mtu aliyetugusa zaidi, William Siborne, ofisa wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1830 alipewa kazi ya kutengeneza mfano wa vita vya Waterloo vya 1815. Alikwenda kukaa karibu na uwanja ule miezi 8, akapima kila kilima na kila shamba. Kisha akawaandikia barua maofisa waliokuwa wamepigana, akawauliza: saa 1 jioni wewe na watu wako mlikuwa wapi, mnafanya nini? Majibu yalikuja mengi, na hayakupatana. Kila mtu alikumbuka vita vyake.

Katikati ya kazi serikali ikaacha kutoa fedha. Siborne akaendelea kwa fedha zake na za kukopa. Alipoonyesha kazi London mwaka 1838 ilikuwa na askari wadogo zaidi ya 70,000, na watu walipanga foleni kulipa shilingi moja kuiona. Lakini wakubwa wa upande wa Wellington hawakuridhika. Shida ilikuwa Waprusia, yaani jeshi la Wajerumani lililokuja kusaidia jioni ile. Kwenye ubao wa Siborne walionekana wengi mno, kana kwamba ushindi haukuwa wa Waingereza peke yao. Mwishowe Siborne alikubali kuondoa sehemu ya sanamu za Waprusia. Alikufa mwaka 1849, na kazi ile haikumrudishia gharama zake. Leo iko kwenye makumbusho ya jeshi London.

Tuliposoma hapo tulinyamaza. Sanamu ya bati ina urefu mdogo kuliko ukucha, na bado kuna watu waliona ni hatari isimame mahali fulani. Basi anayepanga ubao ana nguvu: anachagua dakika moja, anachagua nani awepo na nani asiwepo. Sisi wengi wetu tumezoea kupangwa. Picha zetu hupigwa na wengine, na dakika inachaguliwa na wengine, mara nyingi ni ile ya kulia au ya kupokea.

Sasa, mazimwi yaliingiaje kwenye meza ya askari? Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kucheza vita sakafuni kwa askari wa kuchezea na vibunduki vya kurusha vijiti. Alitaka watu wakubwa waone kwamba vita vya sakafuni ni bora, maana havina mjane wala yatima. Mwaka uliofuata dunia ikaingia kwenye vita vyenyewe. Mchezo ulibaki. Mwaka 1971 huko Marekani Gary Gygax na Jeff Perren walitoa kanuni za vita vya zama za kati ziitwazo Chainmail, na nyuma wakaongeza kurasa za wachawi na majoka. Mwaka 1974 Gygax na Dave Arneson wakatoa Dungeons & Dragons.

Hapa kuna kitu kimoja tulikipenda sana. Siku hizo sanamu za mazimwi zilikuwa adimu. Gygax alinunua mfuko wa wanyama wa plastiki wa bei ya chini, wa ajabu ajabu, kwenye duka la vitu vya watoto, akawaweka mezani. Baadhi ya wale wa plastiki wakapewa majina na tabia, na wakawa viumbe maarufu wa mchezo ule mpaka leo. Wale wanaotengeneza magari ya waya na vizibo hapa kambini wataelewa. Ukikosa kitu, unatazama ulichonacho mpaka kikuambie ni nani.

Uingereza nako, kampuni ya Games Workshop ilianzishwa 1975, na Citadel Miniatures ikafuata mwaka 1979 kwa ajili ya kutengeneza sanamu. Mchezo wao wa Warhammer ulitoka 1983. Mwaka 1987 wakaanzisha shindano la uchoraji wa sanamu liitwalo Golden Demon. Kuna makundi mbalimbali, yakiwemo ya sanamu moja na ya diorama, na aliye bora kuliko wote anapewa upanga mkubwa wa kweli, Slayer Sword. Watu hukaa miezi juu ya ubao ambao ungeingia kwenye sahani ya ugali.

Wanafanyaje? Tulitazama kazi zao na tukaandika yafuatayo kwenye daftari. Kwanza wanachora mpango kabla ya kugusa rangi, na wanauliza jicho litue wapi. Pili wanachagua rangi chache. Tatu wanaamua mwanga unatoka upande gani, na hawabadilishi. Rangi ya kwanza ni moja, nyeusi au nyeupe, ili nyingine zishike. Halafu rangi nyepesi yenye maji inapitishwa mara nyingi, sio nzito mara moja. Rangi ya majimaji ya giza inaachwa iingie kwenye mikunjo. Mwisho brashi karibu kavu inapita juu juu, inagusa tu sehemu zilizoinuka.

Na ili msiseme hayo ni mambo ya wenye nacho: katika kambi ya Zaatari, Jordan, iliyofunguliwa 2012, wakimbizi wa Syria walijenga mifano midogo ya majengo ya kale ya nchi yao wakati vita vikiyaharibu. Mmoja wao, aliyekuwa mwalimu wa sanaa, alijenga Palmyra kwa udongo na vijiti vya mishikaki. Hawakujenga mahema. Walijenga kile ambacho watoto wao wangeweza kukisahau.

Basi dada yetu akashinda. Tukachukua zimwi.

Tukajiuliza swali la Siborne: dakika gani? Kuna msichana anakamatwa, kuna zimwi linacheza, kuna kufunguliwa na kukimbia. Tulibishana siku mbili. Tukachagua jioni ile zimwi limefika bila kujua kwenye nyumba ya mama wa msichana. Limepiga ngoma. Mama yuko jikoni nje, mwiko mkononi, na amesimama ghafla. Amesikia sauti. Bado hajafanya kitu. Zimwi halijui kwamba yeye anajua.

Mwiliwa zimwi tulitumia waya na magunzi, juu tukapaka udongo. Ngoma ni kipande cha bomba la plastiki, na ngozi yake ni puto lililopasuka. Mama ni udongo mtupu, urefu wa kidole cha kati. Kwa gundi tulitaka kupika uji wa unga, na hapo mama mmoja jirani akatukemea sana: "Wanangu, mgao umepungua, nyie mnabandika midoli kwa chakula?" Alikuwa na haki. Tukaomba radhi, tukaenda kwenye mashine ya kusaga tukafagia vumbi la unga lililochanganyika na mchanga, lisilolika. Liliganda vizuri tu. Rangi tulipewa mabaki na fundi anayeandika mabango, nyeusi ni ya mkaa, na nyekundu ni udongo wa barabarani.

Mwanga wote tuliutoa kwenye jiko. Moto unaangaza uso wa mama na tumbo la zimwi kwa rangi ya chungwa, na mgongo wa zimwi tuliuacha gizani. Ngoma tuliiweka katikati, nusu mwanga nusu giza.

Siku yenyewe hatukushinda. Walioshinda walijenga kambi yote kwa maboksi, na kwa kweli walistahili, hata bomba la maji lilikuwa na foleni yake. Mgeni mmoja aliyekuwa anakagua alitazama yetu akauliza kwa upole, "Na hapa wakimbizi wako wapi?" Dada yetu akanyoosha kidole kwenye ngoma.

Lakini kilichotufanya tuandike makala hii kilitokea mchana. Watoto walifika mezani, wakaona zimwi na ngoma, na hawakuuliza kitu. Wakaanza kuimba wimbo wa msichana. Kila kundi liliimba wimbo tofauti, kwa lugha tofauti, maana kila kijiji kina wake. Kina mama wakasogea. Mmoja akasema hapana, sio hivyo, zimwi lilifika kwanza kwa shangazi. Mwingine akasema kwao mama hakushika mwiko, alikuwa anatwanga. Wakabishana kama maofisa wa Siborne, wanacheka, na yule jirani aliyetukemea kuhusu unga alikuwa anabisha kuliko wote.

Mvua ya wiki iliyopita imeingia kwenye banda na imeondoa mkono wa mama. Tutautengeneza tena. Tumebaki na swali la kama tumpe mwiko au mchi.

Tuandikieni: kwenu alikuwa ameshika nini? Na kama ungepewa ubao wa sentimita 60, wewe ungechagua dakika gani?