Kompyuta za Magurudumu Wodini: Kumbukumbu ya Mgonjwa Iandikwe Kando ya Kitanda

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Arusha, Mount Meru, hupokea wagonjwa wanaopewa rufaa kutoka halmashauri 7 za mkoa huo: Jiji la Arusha, Arusha, Meru, Monduli, Longido, Karatu na Ngorongoro. Mgonjwa anapolazwa, huhudumiwa na wauguzi wa zamu tofauti ndani ya saa 24. Muuguzi anayeingia zamu hutegemea yale yaliyoandikwa na mwenzake anayetoka. Kwa sababu hiyo, kumbukumbu iliyo sahihi ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Kwa miaka mingi kumbukumbu hizo zimeandikwa katika mafaili na vitabu vya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya (MTUHA), kikiwamo kitabu namba 12 cha wazazi wanaojifungua na namba 14 cha wagonjwa waliolazwa. Baadaye Serikali ilianzisha mifumo ya kielektroniki, ukiwamo GoTHOMIS unaotumika katika vituo vilivyo chini ya halmashauri. Hata hivyo, pale ambapo kompyuta ipo kwenye meza ya wauguzi huku mgonjwa yupo kitandani, kazi hufanyika mara mbili. Muuguzi hupima, huandika kwenye karatasi, kisha huenda kunakili kwenye mfumo. Katika kunakili, mapigo ya moyo 96 yanaweza kuandikwa 69, au kipimo cha kitanda cha pili kikaingizwa kwenye jina la mgonjwa wa kitanda cha tatu.

Kompyuta ya magurudumu imebuniwa ili kuondoa pengo hilo. Ni kitoroli chembamba chenye skrini au kompyuta mpakato, kibao cha kuandikia, betri chini yake na, katika baadhi ya aina, droo za dawa zinazofungwa kwa ufunguo au namba ya siri. Meza yake hupandishwa na kushushwa ili muuguzi aandike akiwa amesimama au ameketi bila kuumiza mgongo. Magurudumu yake huwa na breki, nayo makubwa hupita kwa urahisi zaidi kwenye vizingiti vya milango na sakafu zenye nyufa.

Faida yake huonekana zaidi wakati wa kugawa dawa. Wauguzi hufundishwa kuhakiki mambo 5: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na muda sahihi. Kompyuta ikiwa kando ya kitanda, muuguzi husoma agizo la daktari kama lilivyo wakati huo, humuuliza mgonjwa jina lake, hutoa dawa na kuandika papo hapo kwamba imetolewa. Agizo lililobadilishwa asubuhi huonekana mchana huohuo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya kupunguza kwa asilimia 50, ndani ya miaka 5, madhara makubwa yanayozuilika yatokanayo na matumizi ya dawa. Uhakiki wa kitandani ni miongoni mwa hatua zinazohudumia lengo hilo.

Pamoja na faida hizo, kitoroli hakifai bila maandalizi. La kwanza ni umeme. Kompyuta inayotumia wati 40 huhitaji wati-saa 320 kwa zamu ya saa 8. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 40 hubeba wati-saa 480, lakini ile ya asidi na risasi huchakaa mapema ikimalizwa mara kwa mara. Ni lazima uwepo utaratibu unaoeleweka wa kuichaji kila zamu inapokwisha, na fomu za karatasi zibaki wodini kwa ajili ya saa ambazo umeme au mtandao umekatika.

La pili ni usafi. Kifaa kinachopita kitanda hadi kitanda kinaweza kubeba vimelea vya magonjwa. Sehemu zinazoguswa zinapaswa kufutwa kwa dawa ya kuua vimelea, na muuguzi kutakasa mikono kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Ukanda wa Mlima Meru una udongo wa volkano ambao wakati wa kiangazi hutoa vumbi laini. Kibao kilichofunikwa na kinachofutika hudumu zaidi kuliko cha kawaida.

La tatu ni gharama. Si kila wodi inahitaji kitoroli cha kuagizwa kutoka nje. Kishikwambi, au kompyuta mpakato iliyofungwa vizuri juu ya toroli iliyochomelewa na mafundi wa hapa nchini, vinaweza kutimiza kazi hiyohiyo. Jambo la msingi ni wauguzi kushirikishwa kabla ya ununuzi, kwa kuwa wao ndio wanaofahamu upana wa njia kati ya vitanda na uzito wanaoweza kuusukuma zamu nzima.

Aidha, kuileta skrini karibu na kitanda kunaileta pia karibu na macho ya wageni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kila mtumishi anapaswa kuingia kwa jina lake la siri, kuifunga skrini anapoondoka na kuielekeza mbali na wasiohusika.

Wananchi nao wana wajibu na haki. Mgonjwa anapoulizwa jina lake kila dawa inapotolewa, asidhani kwamba amesahaulika. Huo ndio uhakiki, naye ataje majina yake kamili pamoja na dawa zinazomdhuru. Ana haki ya kuuliza anapewa dawa gani na kwa sababu gani. Akiona skrini imeachwa wazi, amweleze muuguzi kiongozi wa wodi, na lisipotatuliwa, ofisi ya Mganga Mfawidhi. Kompyuta haimpimi mgonjwa wala haimfariji. Thamani yake ni kumpunguzia muuguzi safari za kwenda mezani, ili muda huo urudi kwa mgonjwa.