Waliitika Dar es Salaam, Wakanyamaza Unguja

Usiku wa kuamkia Januari 12, 1964, wanamapinduzi walivamia vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni na kutwaa silaha. Kulipokucha, serikali ya Mohammed Shamte ilikuwa imeshalemewa, na Sultani Jamshid akapanda boti yake, Seyyid Khalifa. Uhuru wa Zanzibar ulikuwa na mwezi mmoja na siku mbili tu.

Waingereza waliombwa askari, wakakataa. Serikali ya Alec Douglas-Home ilisema hayo ni mambo ya ndani ya nchi huru, na mkataba wa ulinzi haukuwepo. Jamshid alifika Mombasa, hakuruhusiwa kushuka; akapitia Dar es Salaam, akaishia Uingereza.

London ilijali kwanza raia wake. Jioni ile ile ilifika HMS Owen, ambayo haikuwa meli ya mapigano hata kidogo: kazi yake ilikuwa kupima kina cha bahari ili mabaharia wachorewe ramani. Wamarekani, waliokuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga kisiwani humo, walituma manowari Manley iwachukue watu wao.

Haikupita hata wiki mbili, Waingereza hao hao wakaitika. Januari 20 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Rais Nyerere wa Tanganyika aliomba msaada huku moyo ukimuuma, wala hakuficha kwamba ni aibu kwa taifa. Alfajiri ya Januari 25 makomandoo walishushwa kwa helikopta kutoka meli ya Centaur, roketi ikabomoa chumba cha walinzi, na waasi wakasalimu amri. Uganda na Kenya nazo ziliomba, zikapewa.

Uasi wa askari nao si jambo la ndani? Kwangu mimi, sababu ile ya London haitoshi. Nyerere aliomba akiwa bado ana nchi mkononi. Jamshid alikuwa baharini.

Hata hivyo Zanzibar haikuachwa. Makamanda wa Uingereza waliandaa mpango baada ya mpango: Parthenon, Boris, Finery, Shed, Giralda. Parthenon ulitaka Unguja itekwe kwa helikopta na askari wa miavuli, kisha Pemba. Boris ulitegemea viwanja vya ndege vya Kenya, na Kenya haikuwa tayari kuvitoa. Hofu kubwa ilikuwa kwamba chama cha Umma cha Abdulrahman Babu kingempindua Abeid Karume, rais aliyewekwa na mapinduzi, na kuvipeleka visiwa upande wa Wakomunisti.

Februari 23 Uingereza iliitambua serikali ya Karume. Aprili 26 Muungano ukazaliwa, na tangu siku hiyo kutua Unguja kwa mabavu kulikuwa kuivamia nchi ya Nyerere, yule yule waliyemwokoa miezi mitatu nyuma. Giralda uliendelea kukaa mezani hadi Desemba, ndipo ukawekwa kando.