Puto Lililotoka Angani Likaishia Kwenye Nyaya

Katika vichochoro vya Naif, Deira, mjini Dubai, maduka ya mapambo ya sherehe yamebanana na yale ya simu na vitenge. Maputo ya foili huuzwa yakiwa bapa, yamekunjwa ndani ya mifuko ya nailoni: namba kuanzia sifuri hadi tisa, nyota, mioyo, hata mpira wa miguu wenye madoa yake meusi. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanayapenda kwa sababu moja tu. Kago hutozwa kwa kilo, na maputo mia moja ni mzigo wa kilo moja na ushei.

Kijana wa duka, ambaye Kiswahili chake cha sokoni amekiokota kwa wateja, alimuuliza mama mmoja aliyekuwa akifunga mzigo wake:

"Mama, na vizito je?"

"Vya nini, baba? Vinaniongezea kilo tu."

Vizito ni vile vipande vya plastiki vya kufungia uzi ili puto lisipae. Vikabaki Dubai, maputo yakasafiri. Mama yule hakukosea hesabu ya kago. Ila kipande kile cha plastiki ndicho kinachotenganisha pambo la sherehe na hitilafu ya umeme, na kisa cha puto la foili kilianza mbali sana na Deira.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuuza karatasi ya plastiki nyembamba na ngumu iitwayo Mylar. Tarehe 12 Agosti 1960, shirika la anga la Marekani, NASA, likairusha kwenye mzunguko wa dunia katika umbo la puto kubwa lenye kipenyo cha mita 30 na nusu. Waliliita Echo 1. Ngozi yake ilikuwa na unene wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita, nayo ilipakwa alumini ili mawimbi ya redio yanayotumwa kutoka ardhini yagonge na kurudi. Halikuwa na injini wala mtambo wa kukuza mawimbi. Lilikuwa kioo tu kinachozunguka, na usiku watu waliliona kwa macho likikatiza kati ya nyota. Lilianguka na kuungua angani mwezi Mei 1968.

Miaka kumi hivi baadaye, karatasi ya aina hiyohiyo ikaingia kwenye sherehe za watoto. Siri ni ileile alumini. Gesi ya heliamu hupenya kwenye mpira wa kawaida, ndiyo maana puto la mpira lililopaa jioni huamkia sakafuni. Alumini huziba vinyweleo, na puto la foili huweza kuelea siku nyingi, hata wiki. Mzazi anayetaka sherehe idumu anafurahi. Fundi wa umeme hana sababu ya kufurahi, kwa kuwa alumini iliyobana gesi ndiyo hiyohiyo inayopitisha umeme.

Nyaya nyingi za nguzoni hazina ganda. Zimetenganishwa na hewa peke yake, na hewa hutosha ilimradi hakuna kitu kinachoziunganisha. Puto lililoponyoka, likasukumwa na upepo na kugusa nyaya mbili kwa pamoja, huwa daraja. Tabaka la alumini ni jembamba mno, hivyo huyeyuka na kuwa mvuke mara moja. Msomaji angedhani mambo yameishia hapo. Kumbe hapo ndipo yanapoanza, kwa sababu mvuke ule wa moto nao hupitisha umeme, cheche huzaliwa kati ya waya na waya, na cheche hiyo inaweza kuendelea hata puto lenyewe likiwa limeshateketea. Ndiyo shoti tunayoijua, yenye mlio kama wa bunduki. Mitambo ya ulinzi kituoni hukata laini ndani ya sehemu ya sekunde. Kama bahati ipo, umeme hurudi wenyewe. Kama haipo, waya umeshayeyuka na kuanguka barabarani.

Viwanja vya michezo huumia kuliko majirani zao, na hili wengi hawalijui. Nyumbani umeme ukikatika kwa sekunde mbili, balbu inapepesa na maisha yanaendelea. Taa za uwanja za mtindo wa zamani, zile zenye mvuke wa metali ndani ya kioo, haziwezi kuwashwa zikiwa za moto. Lazima zipoe kwanza, kisha ziwake polepole, na kazi hiyo huchukua dakika kumi, kumi na tano au zaidi. Kwa hiyo shoti iliyodumu kwa muda wa kupiga chafya inasimamisha mechi kwa robo saa, wachezaji wakinyoosha misuli gizani. Taa za kisasa za LED huwaka papo hapo, na zimeondoa nusu ya fedheha hiyo.

Marekani wamezionja fedheha hizi mbele ya kamera. Desemba 19, 2011, uwanja wa Candlestick Park mjini San Francisco ulizimika mara mbili katika usiku mmoja, kabla ya mchezo kuanza na tena ukiendelea, baada ya hitilafu kwenye laini nje ya uwanja. Timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani ya 49ers iliwashinda Steelers 20 kwa 3. Februari 3, 2013, 49ers haohao walikuwa New Orleans kwenye fainali ya Super Bowl pale nusu ya uwanja wa Superdome ilipoingia giza kwa dakika 34. Chanzo kilikuja kutajwa kuwa kifaa cha ulinzi kilichofungwa mahsusi ili uwanja usikumbwe na giza. Puto halikuwemo katika visa hivyo viwili. Nimevitaja kwa sababu vinaonyesha jinsi uwanja wenye maelfu ya watu unavyoning'inia kwenye waya mmoja na swichi moja, na katika jimbo la California, uliko mji wa San Francisco, mashirika ya umeme huhesabu mamia ya hitilafu za maputo ya foili kila mwaka, hasa misimu ya sherehe za wapendanao na mahafali.

Anayedhani puto haliwezi kuuangusha mji, aulize Dresden. Septemba 13, 2021, mchana, umeme ulikatika katika mji huo wa Ujerumani na vitongoji vyake, kaya zipatazo laki tatu zikakosa umeme, tramu zikasimama njiani, na viwanda vya kutengeneza chipu za kompyuta, ambavyo haviwezi kuvumilia hata kupepesa, vikasimama. Polisi walianza kwa kushuku hujuma. Walichokikuta kwenye kituo cha kupozea umeme kilikuwa mabaki ya puto la foili.

Sasa turudi Dubai, mji ambao michezo yake mikubwa huchezwa usiku kwa sababu ya joto. Kombe la Dubai la mbio za farasi lilianza Machi 1996 pale Nad Al Sheba, chini ya taa. Uwanja wa kimataifa wa kriketi uliofunguliwa 2009 hauna zile nguzo ndefu za taa tulizozizoea kwenye viwanja vya zamani. Taa zake 350 zimezungushwa kwenye ukingo wa paa kama shanga, nao mtindo huo wameuita Pete ya Moto, na mpira ukipaa hautupi kivuli kikali. Oktoba 2016 Pakistan na West Indies walicheza pale mechi ya siku tano kwa mpira wa rangi ya waridi, sehemu kubwa usiku, na Azhar Ali wa Pakistan akafunga mikimbio 302 bila kutolewa. Hesabu hiyo inahitaji mtu aone mpira.

Na maputo Dubai ni mengi. Kila Desemba 2, sikukuu ya taifa, rangi za bendera hujaa madukani na mitaani. Ila puto likimponyoka mtoto kule Deira, tembea ulifuate: utapita majengo, taa za barabarani, misikiti, na hutaona nyaya za kilovolti 11 zikipita juu ya vichwa. Ndani ya mji zimezikwa. Nyaya kubwa za kilovolti 400 zipo juu ya minara, lakini zimepitishwa jangwani.

Haikuwa hivyo tangu enzi. Kampuni ya umeme ya Dubai ilianzishwa 1959 chini ya Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, mji ukiwa bado wa majahazi na taa za mafuta. Mwaka 1992 iliunganishwa na idara ya maji ikazaliwa DEWA. Hata wao wameshaonja giza: Juni 2005 umeme ulikatika mji mzima kwa saa kadhaa katikati ya joto. Kwa mwaka 2024 DEWA ilitangaza kwamba wastani wa mteja kukosa umeme kwa mwaka mzima ulikuwa dakika 0.94. Pesa ya mafuta imesaidia, sikatai, lakini pesa hiyo ilifukiwa ardhini kwa makusudi.

Kwetu Afrika Mashariki waya bado uko juu, na puto si mgeni pekee anayeufikia. Juni 7, 2016, tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme wa maji cha Gitaru nchini Kenya, akaangukia transfoma. Mashine moja ikazimika, nyingine zikaelemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi nzima ikawa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alinusurika na kuchukuliwa na shirika la wanyamapori. Na Aprili 30, 2023, taa za uwanja wa Benjamin Mkapa zilizimika Yanga wakicheza na Rivers United ya Nigeria, robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mchezo ulisimama, ukaendelea, ukaisha bila bao, Yanga wakavuka. Hakuna aliyetaja puto. Waliotajwa ni watendaji wa uwanja, ambao waziri wa michezo wa wakati huo, Pindi Chana, aliagiza wasimamishwe kazi.

Hapo ndipo ninapokuwa na shaka na wenzetu wanaolilaumu puto peke yake. California imelishughulikia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990: puto la foili lazima liuzwe na kizito, na kuliachia hewani ni kosa. Septemba 2022 gavana Gavin Newsom alisaini sheria nyingine, inayotaka maputo yanayopitisha umeme yaondolewe sokoni hatua kwa hatua hadi 2031, yabaki yale tu yaliyojaribiwa yakaonekana hayaleti shoti. Ni sheria nzuri. Lakini nyaya zilizo wazi zitabaki pale zilipo, zikisubiri kunguru, tawi la mwembe, kishada cha mtoto. Dubai hawakulingoja puto. Walizika waya.

Sisi hatutazika nyaya zote kesho. Basi anayenunua puto la foili Kariakoo, Kisumu au Deira kwenyewe, adai kizito chake, alifunge, na sherehe ikiisha alitoboe kabla ya kulitupa. Na likikuponyoka likanasa kwenye waya, usichukue mti mrefu kulitoa. Soma namba iliyoandikwa kwenye nguzo, kaa mbali, upige simu ya dharura ya shirika la umeme.