Nywele za Oiwa

Katika filamu za mizuka za Kijapani mimi hutazama nywele kwanza, na naamini nywele hizo tumepewa na Oiwa. Mwaka 1825, jijini Edo, Tokyo ya leo, Tsuruya Nanboku wa Nne alitoa tamthilia ya kabuki, Yotsuya Kaidan. Oiwa, mke wa Iemon, samurai fukara, anapewa sumu, naye anainywa akidhani ni dawa. Uso unamharibika. Anashika kitana ajitengeneze aende kuwakabili waliomtendea hivyo, na kila akichana, nywele zinang'oka mafungu kwa mafungu, damu ikichuruzika. Mwanamke aliyedhulumiwa bado anataka kutoka nyumbani akiwa nadhifu! Hapo ndipo roho huniuma, kabla hata mzuka haujatokea.

Michezo ya mizuka ilikuwa ya kiangazi, msimu wa Obon, wafu wanapoaminika kurejea kwa jamaa zao, na studio za filamu zikaurithi msimu huo. Mwaka 1959 Nakagawa Nobuo aliipiga hadithi hii kwa rangi, maiti ya Oiwa ikiibuka majini imepigiliwa misumari kwenye ubao wa mlango. Sijaona toleo linalomhurumia zaidi. Kwaidan ya Kobayashi Masaki, iliyotuzwa Cannes mwaka 1965, nayo inaanza na nywele nyeusi za mke aliyetelekezwa. Mzuka Sadako wa filamu ya Ringu, 1998, amefunikwa uso na nywele zilezile.

Waigizaji wanaotaka kumcheza Oiwa huenda kwanza Yotsuya, kwenye hekalu lake, kumwomba ruhusa.