Figa Lililong'olewa: Chama Tawala cha Kansas na Kodi Yake

Kwenye ghorofa ya pili ya jengo la bunge mjini Topeka, jimboni Kansas, kuna picha kubwa ya ukutani iliyochorwa na John Steuart Curry. Humo anaonekana John Brown, yule mpiganaji dhidi ya utumwa, ameitanua mikono yake. Mmoja umeshika Biblia, mwingine bunduki. Nyuma yake kimbunga kinashuka na nyika inawaka moto. Nikifikiria historia ya kodi ya Kansas, picha hiyo ndiyo inayonijia kwanza. Katika jengo hilohilo, kodi ilipiganiwa kwa imani kama ya dini, na vita vyenyewe vilikuwa vya ndugu wa chama kimoja.

Chama hicho ni Republican, ambacho kimelishika bunge la Kansas kwa sehemu kubwa ya maisha ya jimbo hilo tangu lilipojiunga na Muungano mwaka 1861. Hapa Afrika Mashariki wengi tulilisikia jina la Kansas kupitia Barack Obama, kwa kuwa mama yake alizaliwa Wichita. Wakansas wenyewe ni watu wa ngano, ng'ombe na hesabu za kubana. Mwaka 1933, dunia ikiwa katikati ya mdororo mkubwa, gavana wao Alf Landon wa Republican alisimamia sheria iliyozikataza serikali za mitaa kutumia fedha ambazo hazinazo mkononi. Mwaka huohuo, chini ya Landon huyohuyo, jimbo likaanza kutoza kodi ya mapato. Kodi ya mauzo ikafuata mwaka 1937. Ukiongeza kodi ya ardhi na majengo iliyokuwapo tangu zamani, unapata njia tatu za kulisha hazina. Wenyewe huzifananisha na kigoda cha miguu mitatu. Kwa jiko la kwetu, hayo ni mafiga, na chungu hakikai juu ya mafiga mawili.

Kwa hiyo mtu asidhani chama hicho kilizaliwa kikiichukia kodi. Kwa miongo mingi wabunge wake wa msimamo wa wastani, hasa katika Seneti, waliamini kwamba ubanaji wa matumizi na kodi ya kutosha ni mambo yanayokwenda pamoja.

Sam Brownback aliapishwa kuwa gavana Januari 2011, akiwa na ndoto ya kuifuta kabisa kodi ya mapato. Alimwita Arthur Laffer, mchumi aliyewahi kuwa miongoni mwa washauri wa Ronald Reagan, ambaye kwa miaka mingi alifundisha kwamba ukipunguza kodi, uchumi hukua na kuziba pengo. Muswada ulipofika Seneti mwaka 2012, ulikataliwa kwanza. Gavana akawasihi maseneta waupitishe ili mazungumzo yaendelee, kwa matumaini kwamba ungerekebishwa mbele ya safari. Wakaupitisha. Baraza la Wawakilishi likauchukua kama ulivyo, likaupigia kura, na Mei gavana akautia saini. Maseneta wale walikuwa wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Agosti ya mwaka huohuo, katika kura za mchujo, kadhaa wao waliangushwa na wagombea wa mrengo wa gavana, akiwemo rais wa Seneti, Steve Morris.

Sheria ilishusha kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 6.45 hadi 4.9. Lakini kilichouma zaidi kilikuwa kipengele kingine: faida ya biashara ambayo huhesabiwa kuwa pato la mmiliki binafsi haikutozwa kitu. Chukua duka la vifaa vya shambani. Mwenye duka hakulipa jimbo hata senti kwa faida yake, na muuzaji wake aliyesimama kaunta siku nzima alikatwa kodi kwenye mshahara. Ilitarajiwa kwamba wenye biashara wapatao 191,000 wangenufaika. Mwishowe walizidi 300,000.

Katika mwaka wa fedha wa 2014 mapato yalishuka kwa takriban dola milioni 700. Kampuni za kupima uwezo wa kukopa zikaishusha hadhi Kansas. Fedha za barabara zikahamishwa mara kwa mara kuziba mashimo ya bajeti, mpaka watu wakaibandika idara ya barabara jina la benki. Baadhi ya wilaya za shule zilifunga mwaka 2015 kabla ya tarehe. Na bunge la mwaka huo, baada ya siku 113 za mabishano, lilipandisha kodi ya mauzo hadi asilimia 6.5, kodi ambayo Kansas iliitoza hata kwenye chakula. Mama aliyenunua mkate, maziwa na mayai ya dola 100 aliliachia jimbo dola 6 na senti 50, kabla ya kodi ya mji wake. Mzigo ulitoka kwa mwenye kampuni ukatua kwenye kikapu cha sokoni, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo kosa zito kuliko hata nakisi.

Maji yalikwisha kuzidi unga. Mchujo wa 2016 ukawarudisha Warepublican wa wastani. Machi 2017 Mahakama Kuu ya jimbo, katika kesi ya Gannon, iliamua kwamba fedha za shule hazitoshi kwa mujibu wa katiba. Februari wabunge walikuwa wamejaribu kuipindua turufu ya gavana dhidi ya muswada wa kuirudisha kodi, Seneti ikakosa kura tatu. Usiku wa Juni 6 walijaribu tena. Zilihitajika kura 27 za Seneti. Zikapatikana 27 kamili, 18 zikiwa za Republican. Katika Baraza zilihitajika 84, zikapatikana 88, nazo 49 zilikuwa za chama cha gavana mwenyewe. Msamaha ule wa wenye biashara ukafutwa, kiwango cha juu kikapanda hadi 5.7. Watu hao walijua mchujo utakuja tena, na walijua yaliyompata Morris. Nawaheshimu kwa hilo.

Mwaka 2018 Brownback aliondoka kabla ya muhula wake kwisha, na Laura Kelly wa Democrat, aliyekuwa seneta usiku ule, akachaguliwa gavana. Kodi ya jimbo kwenye chakula imepunguzwa hatua kwa hatua mpaka ikafika sifuri Januari 2025. Aprili ya mwaka huo wabunge wa Republican waliipindua turufu ya Kelly na kupitisha sheria ya kuishusha tena kodi ya mapato, kuelekea asilimia 4. Safari hii wameweka sharti ambalo halikuwemo mwaka 2012: kiwango hakishuki mpaka mapato ya jimbo yawe yamevuka kiasi kilichopangwa.