Povu la kinyozi wa Kamanyola na deni la kokwa za mchikichi

Aprili 14, 2026 ni miaka 115 tangu Jules Renkin, waziri wa makoloni wa Ubelgiji, afunge mkataba na tajiri wa sabuni kutoka Uingereza, William Lever. Mkataba ule ulimpa Lever haki ya kujichagulia hadi hekta 750,000 za ardhi ya Congo, ndani ya maduara matano yenye kilomita 60 kutoka kitovu hadi ukingoni, mahali palipojaa michikichi. Hakuna duara lililofika Kivu. Lakini mtu anayeketi kwenye kiti cha kinyozi pale Kamanyola, barabara ya Bukavu inapoteremka kutoka milima ya Ngomo na kukutana na njia ya Bugarama na ya Uvira, anapakwa kidevuni kitu ambacho historia yake inapita katikati ya mkataba ule.

Kitu chenyewe ni povu.

Vijana wengi hawalijui povu la kweli. Wanalijua lile la kopo, linalofyatuka kwa kubonyezwa na kunywea kabla wembe haujafika taya la pili. Vinyozi wa zamani walilitengeneza kwa mkono, na kazi ilianza kabla ya sabuni kuguswa. Ndevu zililoweshwa kwa kitambaa cha maji ya moto, maana unywele ulioshiba maji hulainika na wembe hupita bila kuvuta. Wahenga waliposema ukiona mwenzako ananyolewa zako tia maji, walikuwa wanaijua kazi hiyo vizuri. Ndipo brashi ililowekwa, ikakung'utwa, ikazungushwa juu ya sabuni ngumu hadi nywele zake zikabeba ute mzito. Baada ya hapo maji yaliongezwa tone kwa tone, ndani ya kikombe cha bati au juu ya shavu lenyewe, huku brashi ikizunguka bila haraka. Wengi huharibu hapo: wanamwaga maji mengi mapema, yanapanda mapovu makubwa ya kupendeza macho, ambayo ndani yake mna hewa tu. Povu lililoiva halionyeshi tundu. Linang'aa na kushikana kama mtindi, na ukigeuza brashi chini halidondoki.

Ukanda huu una shida yake ya maji. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, na ziwa hilo, kwa sababu ya volkano zinazolizunguka, limebeba chumvi nyingi za madini, hasa magnesiamu. Ng'ambo ya mto, kule Bugarama, chemchemi za maji moto za Mashyuza zimetandaza mawe ya chokaa kiasi cha kujengewa kiwanda cha saruji, CIMERWA. Magnesiamu na chokaa ni maadui wa sabuni. Zinaikamata kabla haijatoa povu na kuigeuza utando mweupe unaoganda kwenye beseni. Anayenyoa kwa maji ya namna hiyo humaliza sabuni mara mbili na bado shavu linawasha. Dawa yake ni maji ya mvua, nayo haina gharama: pipa chini ya bati la nyumba linatosha.

Sasa turudi kwa Lever. Mwaka 1885, pale Warrington, kiwanda chake kilianza kuchemsha sabuni ya Sunlight kwa mapishi ya mkemia aliyeitwa William Hough Watson. Sabuni nyingi za kufulia za wakati huo zilitegemea shahamu ya ng'ombe, ambayo hutoa povu zito lakini kwa uvivu. Watson aliipunguza shahamu hadi karibu robo, na zaidi ya sehemu mbili kati ya tano za mafuta akaweka ya nazi au ya kokwa za mchikichi. Karibu nusu ya mafuta ya kokwa ni asidi ya lauriki, na hiyo ndiyo inayolipua povu kwa haraka hata kwa maji ya baridi. Watu wakaipenda Sunlight, na Lever akawa na njaa ya kokwa isiyokwisha. Akaomba ardhi katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Magharibi, akakataliwa. Ubelgiji ikamfungulia mlango.

Mwaka 1912 alikwenda kwa Mfalme Albert na zawadi: kipande cha sabuni iliyotengenezwa kwa mawese ya Congo, kimelazwa ndani ya kijaluba cha pembe za ndovu. Nimelifikiria sana sanduku lile. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu Leopold II anyang'anywe Congo kwa sababu ya mikono iliyokatwa na mpira uliochumwa kwa damu, na hapa mfalme mpya anapewa sabuni, alama ya usafi, ndani ya pembe ya mnyama wa nchi ileile.

Vitabu viwili vinagombana juu ya kilichofuata. Cha kwanza ni historia ya Unilever ya Charles Wilson, iliyochapishwa 1954 kwa kuagizwa na kampuni yenyewe. Humo Lever ni mtu wa maono: anajenga Leverville, leo Lusanga, anafungua hospitali na shule, anaahidi ujira usiopungua santimu 25 kwa siku. Cha pili kilitoka 2001, kazi ya Jules Marchal, Mbelgiji aliyewahi kuwa ofisa wa koloni na baadaye balozi, ambaye uzeeni alijifungia katika nyaraka za serikali yake na kutoka na kurasa za kutisha. Marchal anawafuata wakata ngazi, yaani mikungu ya chikichi, wanaume waliopanda michikichi mirefu kwa kamba kiunoni, na kuonyesha jinsi walivyopatikana: machifu walilipwa kwa kila kichwa walichopeleka, na aliyekataa alikabiliwa na gereza au kiboko. Anamnukuu daktari wa serikali, Emile Lejeune, aliyekagua Leverville mwanzoni mwa miaka ya 1920 na kukuta wafanyakazi wamelundikwa mahali pabaya, wakila vibaya. Anamleta pia Pierre Ryckmans, mtu ambaye wazee wa ukanda wetu wangemjua, kwani kabla ya hapo aliitawala Urundi, ng'ambo ya Ruzizi. Ripoti ya Ryckmans ya 1931 kuhusu kazi ya kulazimishwa huko Kwango, eneo la Leverville, haikuwapendeza wenye kampuni. Mwaka huohuo Wapende wa huko waliasi. Ofisa Maximilien Balot akauawa mwezi Juni, na jeshi likajibu kwa kuua zaidi ya watu 500.

Mimi niko upande wa Marchal, kwa sababu ya kokwa zenyewe. Mawese yalikamuliwa papo hapo, lakini kokwa ziliwekwa magunia na kupakiwa meli kwenda Ulaya. Pale ndipo povu lilipokuwa. Likarudi kama kipande cha sabuni kilichofungwa karatasi, likauzwa kwa mtoto wa yule aliyepanda mti. Hospitali ya Leverville haikulilipa deni hilo.

Yaliyobaki yanajulikana. Sabuni za viwanda vya Kinshasa, Bujumbura na Kigali zikaingia Kivu, pamoja na zile za kunyolea za Ulaya. Ukimwi ulipotangazwa, watu waliogopa wembe wa kushirikiana, na mashine ya umeme ikashika saluni. Unilever iliuza mashamba yake ya michikichi ya Congo mwaka 2009. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Kamanyola, barabara ya Uvira, yanakopita mawese ya Fizi na Baraka, imekuwa barabara ya vita.

Kinachoniuma ni kwamba povu bora liko mlangoni petu na hatulitazami. Krimu ya kunyolea ya kwenye tyubu, ile inayoletwa kwa fedha za kigeni, kwa sehemu kubwa ni sabuni ya potasi. Sabuni ya soda huwa ngumu, ya potasi huwa laini na hukubali maji upesi, ndiyo maana brashi huipenda. Na potasi imo kwenye majivu ya maganda ya ndizi. Wayoruba na Waashanti wanaichuja kwenye majivu hadi leo wakapata sabuni yao nyeusi, inayosafirishwa mpaka Marekani. Bushi nzima, nchi ya Washi kandokando ya Bukavu, ni migomba. Mawese ya Kivu ya Kusini yana asidi ya palmitiki karibu asilimia 44, inayofanya povu liwe zito na kudumu. Kokwa zina ile lauriki ya kulilipua. Vyote viwili anavyohitaji kinyozi vinatoka kwenye tunda moja.

Tunafanya nini navyo? Tunakamua mawese, kisha kokwa zinatupwa au kuchomwa jikoni. Sabuni ya kienyeji inayouzwa sokoni ni ya mawese matupu na soda kostiki, mara nyingi hukatwa na kuuzwa kabla ya wiki zake za kukomaa kutimia, na soda iliyobaki ndani huwasha ngozi iliyotoka kunyolewa. Vinyozi wanaikwepa, nao hawakosei. Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mafuta ya kokwa huitwa mise, na watu huyakamua na kupikia sabuni. Wanawake wa Luvungi na Kamanyola wanaokamua mawese hawahitaji mkataba wa waziri kufanya vivyo hivyo. Wanahitaji mashine ya kuvunja kokwa, mtu wa kuwafundisha kupima potasi, pipa la maji ya mvua, na barabara ambayo mtu anaweza kupita na dumu lake bila kulipa kila kizuizi. Vitatu vya kwanza chama cha ushirika kinaweza kuvipata. Cha nne wanadaiwa wenye bunduki, na ni wao wa kuulizwa.