Fundi Amefungua Koki ya Rejeta Tu? Hivi Ndivyo Unatoa Kulanti Yote ya Zamani Kwa Lori

Kama unasukuma kanta ya mchanga, unabeba mboga na FRR ama umeingia biashara ya lori juzi tu, hii ni yako. Fundi anafungua koki chini ya rejeta, maji inatoka, inaisha, anafunga, anamimina mpya na anachukua doh yake. Wewe unaenda ukijua kulanti imebadilishwa. Zii, buda. Umebadilisha ya rejeta. Nyingine imebaki ndani ya bloki ya injini, kwa paipu za hita na kwa katanki ka akiba.

Kwa nini ni noma?

Kulanti huwa na dawa ya kuzuia kutu, na hiyo dawa huisha. Ya zamani ikibaki, unachanganya mpya na uchafu. Kutu na magamba yanaziba vijia vya rejeta, halafu siku umebeba mzigo kwa mlima wa Mai Mahiu, mshale wa joto unapanda. Kumbuka pia Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huku maji tupu yakiwa wazi huchemka karibu digrii 94, si 100. Ikichemka, gasketi ya silinda hedi inaungua, na hiyo bill haina huruma.

Kabla uguse spana

Injini iwe imepoa kabisa. Kifuniko cha rejeta ya moto ukikifungua, maji na mvuke zitakurukia uso. Hakuna haraka inayofaa hiyo hatari. Paki mahali tambarare, weka vizuizi kwa magurudumu, na ukiinua kichwa cha lori hakikisha komeo limeshika kabla uingie chini.

Sasa angalia kitabu cha lori: mfumo wote unabeba lita ngapi? Andika hiyo namba. Ndiyo itakuambia ukweli.

Kazi yenyewe

1. Weka hita kwa moto kabisa. Lori nyingi zina valvu ya hita, na ikiwa imefungwa, maji ya huko hayatoki.

2. Weka karai kubwa chini, fungua koki ya rejeta, halafu fungua kifuniko cha juu ili hewa iingie. Ikitoka pole pole, toa paipu kubwa ya chini ya rejeta.

3. Tafuta plagi ya bloki. Hii ndiyo mafundi wengi huruka. Huwa ubavuni mwa injini, upande wa chini, na kitabu kitakuonyesha iko wapi hasa. Ukiifungua na hakuna kitu kinatoka, usidhani ni kavu. Dunga polepole na waya, kutu hupenda kuziba hapo.

4. Mwaga katanki ka akiba na ukaoshe.

5. Pima kilichotoka. Tuseme kitabu kinasema lita 16 na umepata 9. Muulize fundi: hizo 7 ziko wapi? Ziko ndani.

Kuosha

Funga kila kitu, jaza maji safi, washa injini ikae silensa mpaka paipu ya juu ya rejeta ishike moto. Hapo thamostati imefunguka na maji yanazunguka kila kona. Zima, ngoja ipoe, mwaga tena. Rudia mpaka maji yatoke safi kama ya kunywa. Usiwahi kumimina maji baridi kwa injini ya moto, silinda hedi inaweza kupasuka.

Ukiona kitu cha rangi ya chai ya maziwa ama mafuta yakielea, simama. Oili inaingia mahali haifai, na kulanti mpya haitatibu hiyo.

Kujaza: hapa wengi huchomeka

Baada ya kuosha, kuna maji tupu yamebaki ndani. Ukimimina kulanti iliyochanganywa tayari, itazimuliwa zaidi. Nunua ile nzito isiyochanganywa. Kwa mfumo wa lita 16 unaotaka nusu kwa nusu, mimina lita 8 za kulanti kwanza, halafu malizia na maji. Hata kama lita 7 za maji zilibaki ndani, hesabu inatoka sawa.

Maji ya borehole wacha, yana chumvi ya kutengeneza magamba. Tumia maji yaliyotolewa madini, yale ya betri, lakini si asidi ya betri! Usichague kulanti kwa rangi pia. Kijani ama pinki si kipimo, soma chupa ulinganishe na kitabu. Injini zingine kubwa za dizeli zina laina zinazoguswa na maji moja kwa moja, na bila dawa sahihi hizo laina hutoboka vishimo vidogo vidogo.

Jaza polepole, kifuniko kikiwa wazi, hita ikiwa kwa moto. Kama kuna skrubu ya kutoa hewa, ifungue. Washa injini mpaka mapovu yaishe, ongeza, funga. Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, angalia kiwango tena kabla upakie mzigo.

Ya zamani usimwage kwa mtaro

Kulanti nyingi zina glikoli, sumu yenye ladha tamu. Mbwa huilamba, mtoto anaweza kuionja. Weka kwa mtungi uliofungwa, uuandike, na upeleke kwa garage inayokusanya taka za magari. Usitumie chupa ya soda, tafadhali.

Kwa hivyo next time fundi akikuambia "imeisha, boss", usibishane naye. Angalia karai, angalia kitabu, linganisha namba. Lita hazidanganyi.